Pikapu Iliyokuwa na Adabu Mbele ya Mafundi

Gari linalomisi mfululizo, yaani ambalo injini yake hurukaruka mapigo bila kukoma, halimpi shida fundi anayeijua kazi yake. Hufungua boneti injini ikiwa inanguruma, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, na silinda ambayo ikikatiwa waya mlio wa injini haubadiliki, hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Atakagua plagi yake, waya wake, valvu zake na kompresheni yake, na kabla ya adhuhuri mwenye gari atakuwa amekwisha kulipa na kuondoka. Pikapu yangu haikuwa ya namna hiyo. Ilimisi siku iliyoitaka, mahali ilipopataka, na mbele ya watu iliowachagua. Na kila ilipofikishwa gereji ilinguruma kwa utulivu na staha, kiasi kwamba mafundi waliacha kuitazama yenyewe wakaanza kunitazama mimi.

Ni pikapu ya Kijapani ya mwaka 1988, yenye injini ya petroli ya silinda nne, kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, na distribyuta ya kugawa umeme wa cheche kwa plagi. Haina kompyuta wala taa ya kuonya kuhusu injini, kwa hiyo hakuna kifaa cha kuichomekea kikasoma hitilafu kwa namba. Hitilafu zake husomwa kwa sikio, kwa pua na kwa subira. Niliinunua mjini Mtwara baada ya kuuza korosho zangu, nikaileta Masasi, ambako nafundisha somo la historia katika shule ya sekondari. Kuanzia Oktoba hubeba korosho za majirani kutoka vijijini hadi kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Ifikapo Juni na Julai hubeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga. Na katika miezi iliyobaki hubeba ukoo wa mke wangu, ambao makao yake ni Newala.

Msomaji ambaye hajafika Newala anapaswa kuelewa jambo moja kuhusu uwanda wa juu wa Makonde. Ukitokea pwani, uwanda huo huinuka polepole, na msafiri anayepita Nanyamba na Tandahimba hupanda mlima bila kujua kwamba anapanda. Akifika Newala, nchi hukatika ghafla. Pale panapoitwa Shimo la Mungu mtu husimama ukingoni akalitazama bonde la Ruvuma likiwa chini kabisa, na Msumbiji ng'ambo yake. Anayetaka kuendelea hadi Masasi hana budi kushuka, na katika mteremko huo kuna kona, malori yaliyosheheni, bodaboda zenye abiria zaidi ya idadi, na mbuzi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba barabara ni ya magari. Ni katika mteremko huo pikapu ilipoanza kuonyesha tabia yake.

Siku hiyo nilikuwa nimempakia mama mkwe wangu, tukielekea hospitali ya Ndanda akapimwe macho. Mama mkwe ni mtu anayeheshimiwa sana Newala; ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo na maoni yasiyo madogo. Alikaa wima kwenye siti ya kushoto, mkoba wake mapajani, mkono mmoja ukishika mpini wa mlango na miguu yote miwili ikiwa imekitwa sakafuni. Tulipoingia kona, lori la magunia likajitokeza mbele yetu likipanda katikati ya barabara. Mama akasema, "Yaa Rabbi," na papo hapo injini ikakata. Ikarudi, ikagugumia kama mtu aliyekabwa na muhogo mkavu, ikakata tena, kisha bomba la moshi likapiga mshindo uliowafanya vijana wawili waliokuwa wakiuza mananasi kando ya barabara walale chini kifudifudi. Lori likapita. Injini ikatengemaa, tukaendelea na safari.

Mama akanigeukia kwa utulivu. "Mkwe wangu," akasema, "gari lako linasikia dua."

Niliitikia kwa heshima, kwa sababu huwezi kumwambia mama mkwe kwamba kinachosikia dua ni kabureta. Lakini safari nzima iliyobaki nilikuwa nikihesabu moyoni gharama za spea, kwa maana kila tulipokutana na jambo la kutisha, injini ilikata na kurudi, na mara nyingine mshindo ule ukafuata. Kufika Ndanda nilikuwa nimelowa jasho, naye Mama alikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona ndani ya gari lolote.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa na gereji chini ya mwembe, na sifa zake zilivuma hadi Nachingwea. Alisikiliza injini kwa muda mrefu akiwa ameshika bisibisi, ncha kwenye silinda hedi na mpini sikioni, akasema, "Mwalimu, injini hii haina kosa." Nilimsihi afungue plagi. Plagi nyeusi na kavu humwambia fundi kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Zilizolowa oili humwambia kwamba ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Nyeupe humwambia kwamba petroli ni haba na joto limezidi. Zangu zote nne zilitoka zikiwa na rangi ya kahawia hafifu kwa usawa, yaani plagi za gari lenye afya, jambo ambalo halikumzuia kuniuzia mpya. Alizitega pengo la milimita 0.8, akabadilisha na waya zote, akahakikisha kwamba zimepangwa kwa mfuatano wa kuwaka kwa silinda, 1-3-4-2, akaendesha gari kuzunguka mji, akarudi akitabasamu. Nami nilitabasamu mpaka nilipokwenda tena Newala kumrudisha Mama kwake.

Fundi wa pili alishikilia kwamba petroli yangu ilikuwa na maji. Alitoa mafuta kwenye tangi, akajaza chupa nyeupe, akaiweka juu ya ukuta tuitazame, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na lazima yazame hadi chini ya chupa yaonekane kwa mstari. Tulitazama. Wateja wengine wakaja kutazama. Mstari haukuonekana, na baada ya kimya kirefu fundi akaeleza kwamba maji yale bila shaka yalikuwa yamekwisha kuungua. Alinitoza fedha ya kuosha tangi.

Wa tatu ndiye aliyekuwa na hoja nzuri kuliko wote, na hadi leo namheshimu kwa hoja hiyo ingawa haikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa. Alisema kwamba ndani ya kabureta kuna bakuli la petroli na floti inayolinda kimo chake, na kwamba gari likiinama kwenye mteremko, petroli huhamia upande mmoja, jeti ikabaki ikifyonza hewa au ikazama kupita kiasi. Kwa kuwa pikapu ilimisi kwenye mteremko tu, kosa lilikuwa kwenye floti. Nilifurahi kiasi cha kumlipa zaidi ya alichotaka. Alirekebisha floti, akasafisha jeti kwa upepo, nami nikapakia korosho mpaka springi za nyuma zikalala, nikashuka mteremko wa Newala peke yangu na utingo wangu akiwa nyuma juu ya magunia. Injini haikukohoa hata mara moja. Nilifika Masasi nikiimba.

Mara iliyofuata nilikuwa na Mama mbele. Tulipofika chini ya mteremko, askari wa usalama barabarani akanyoosha mkono kutusimamisha. Mama alimwona kabla yangu. Injini ikakata, ikarudi, na bomba la moshi likapiga mshindo mkubwa kuliko yote yaliyotangulia, askari akaruka akaingia nyasini. Alipotoka huko, akiwa ameshika kofia yake mkononi, aliuliza kwa upole usiotarajiwa kama gari lina matatizo. Kabla sijajibu, Mama akamwambia, "Hapana, mwanangu. Limekuona, likasimama." Tuliruhusiwa kuondoka bila hata kuonyesha leseni.

Nitapita haraka juu ya mambo yaliyofuata. Kifuniko cha distribyuta kilivuliwa, kikatafutwa ufa na alama nyeusi za umeme unaovuja, hazikuwapo. Usiku mmoja tulifungua boneti gizani na kunyunyizia waya maji ili tuone kama cheche zinatoroka, na kilichotoroka ni vyura tu. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, ilibadilishwa. Koili ilibadilishwa. Kilichonipa matumaini ya kweli ni chujio la hewa, ambalo lilipofunguliwa lilionekana la manjano kabisa, limejaa salfa tuliyokuwa tukiibeba tangu mikorosho ianze kutoa maua. Unga huo husagwa laini sana ili ushike majani na maua, na kitu kinachoshika ua la mkorosho hushika na karatasi ya chujio. Fundi alilipiga chujio ukutani, gereji nzima ikapiga chafya, na sote tukakubaliana kwamba injini iliyokuwa ikivuta pumzi kupitia salfa haingeweza kuacha kumisi. Nilinunua jipya. Tofauti pekee iliyoonekana ni kwamba sasa gari lilimisi likiwa na nguvu zaidi.

Hapo nikamwendea mjomba wa mke wangu. Kwa desturi za huku kusini mjomba ndiye mwenye kauli katika ukoo, na nilikwenda nikiwa tayari kuambiwa nitafute kuku mweusi. Nilimkosea heshima kwa kumdhania hivyo. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya korosho kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na nilipogusia kwamba watu wanasema kona ile ina wenyewe, alinikata kauli. "Mwalimu," alisema, "hakuna jini anayejua kufungua distribyuta. Wewe si unafundisha historia? Andika. Kila likimisi, andika palikuwa na nini."

Kwa nini sikuwa nimelifikiria hilo ni swali ambalo wanafunzi wangu wangeweza kuniuliza. Nilinunua daftari kubwa, nikachora safu: tarehe, barabara, mzigo, hali ya hewa, kituo nilikojaza mafuta, joto la injini, na safu ya mwisho, abiria wa mbele. Daftari lilianza kujaa. Mvua haikuhusika, kwa kuwa gari lilimisi kwenye jua na kwenye mawingu. Kituo cha mafuta hakikuhusika. Mteremko wenyewe, uliokuwa umetufumba macho sote, haukuhusika moja kwa moja, kwa sababu lilimisi pia kwenye barabara iliyonyooka karibu na Ndanda siku mbuzi alipokatiza. Safu baada ya safu ilikuwa na majibu mchanganyiko, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo kuanzia juu hadi chini, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, ilikuwa na neno moja lililojirudia kila palipokuwa na hitilafu: Mama.

Nilifunika safu hiyo kwa kipande cha karatasi na kukibana kwa pini. Mwanahistoria yeyote atakubali kwamba kuna nyaraka ambazo haifai kuzitoa hadharani kabla ya wakati wake.

Mke wangu alizitoa. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa ukumbini, daftari wazi mapajani, na pini ikiwa mezani peke yake.

"Baba watoto," akasema, "umemwandika mama yangu kwenye orodha ya spea mbovu?"

Nilieleza kwamba hiyo si orodha ya spea bali ni ushahidi, na kwamba ushahidi hauna nia mbaya kwa mtu. Maelezo hayo hayakupokelewa. Mke wangu alipitisha kidole kwenye safu ile mstari kwa mstari, kwa utaratibu ambao ningependa wanafunzi wangu wauige, mpaka akasimama mahali pamoja. "Na huyu je?" akauliza. Mstari huo ulisomeka: Mwalimu Mkuu. Ni kweli, nilikuwa nimempeleka mkuu wetu wa shule kwenye kikao Mtwara, na pale Mingoyo bodaboda ilipochomoza ghafla kutoka upande wa Lindi, injini ilikata mara moja. Niliuhesabu mstari huo kuwa bahati mbaya tu. Mke wangu aliuhesabu kuwa utetezi kamili wa mama yake, akalifunga daftari, na chakula cha jioni hiyo kililiwa kimya.

Ndipo nilipoelekezwa kwa kijana mmoja fundi umeme wa magari, mwenye kibanda kisicho na hata ubao wa jina. Hakufungua boneti. Aliniuliza swali moja ambalo wazee wote waliomtangulia hawakuwa wameliuliza: "Mwalimu, likimisi, linachechemea kwa mpangilio au linakata lote kwa pamoja?"

Nilimjibu kwamba hukata lote.

"Basi umepoteza fedha kwenye plagi," akasema, na akaanza kueleza huku akifuta mikono. Silinda moja ikiugua, injini huchechemea kwa mdundo ule ule, tatu zikifanya kazi na moja ikibebwa. Zikikata zote nne kwa wakati mmoja, haiwezekani kwamba plagi nne zimekubaliana. Lazima utafute kitu ambacho zote zinakitegemea, yaani petroli, koili, rota, au umeme unaoingia kwenye koili. Petroli ikipungua, nguvu hufifia na kurudi taratibu, lakini yangu ilikatika na kurudi ghafla. Tena ule mshindo ulikuwa shahidi, kwa kuwa petroli iliyofika kwenye silinda bila kukutana na cheche husukumwa mbichi hadi kwenye bomba la moshi, na cheche zikirudi, moto hulipukia huko. Petroli ilikuwa inafika. Kilichokosekana ni cheche. Alinikumbusha kwamba injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde, na koili huzitengeneza zote kwa kuukuza umeme wa volti 12 wa betri hadi maelfu mengi ya volti. Kwa hiyo volti hizo 12 zikitoweka kwa robo ya sekunde tu, cheche 25 zimepotea, na hata abiria aliyelala ataamka.

Kwa kuwa koili yenyewe ilikuwa mpya, alitaka kujua kama volti hizo 12 zinafika. Alichukua globu ndogo ya taa ya pembeni, akaunganisha waya wake mmoja kwenye koili mahali umeme unapoingia na mwingine kwenye bodi, akaipitisha kwenye ukingo wa boneti na dirisha, akaining'iniza chini ya kioo cha kutazamia nyuma. Ikiwa injini itakata na globu ikabaki inawaka, kosa liko mbele ya hapo. Ikizimika pamoja na injini, kosa liko kati ya swichi ya ufunguo na koili. Tuliendesha kuzunguka Masasi yote, tukapita kando ya milima ile ya mawe, tukapita kila shimo nililolijua. Globu haikupepesa.

"Linamisi wapi?" akauliza.

Nilimpa daftari. Alisoma safu ya mwisho, akanitazama, akasoma tena. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "itabidi tumlete Mama."

Jambo hilo lilijadiliwa nyumbani kwa kipindi kirefu kuliko lilivyowahi kujadiliwa suala la mahari. Nilipendekeza tumwambie kwamba anahitajika tena hospitali. Mke wangu alikataa kumdanganya mama yake, akapiga simu mwenyewe, na kwa lugha ambayo sikujua kwamba anayo akamweleza kwamba kuna uchunguzi wa kitaalamu unaoendelea kuhusu gari, na fundi ameomba uwepo wake kwa kuwa pasipo yeye uchunguzi hauwezi kukamilika. Nilisubiri radi. Kumbe Mama alifurahi mno. Alisema kwamba tangu mwanzo alishangaa kwa nini hakuna aliyemuuliza.

Tulimkuta Newala akiwa amejifunga doti mpya ya kanga, na majirani wawili wamekuja kumwona akiondoka. Fundi alimwamkia kwa kuinama, akapanda nyuma kwa sababu za adabu, akajikunja nyuma ya kioo cha kebini ili aione globu. Mama aliikagua taa ile kabla ya kukaa. "Na hii ni ya nini, mkwe wangu?"

"Ni ya kuonyesha umeme unaokwenda kwenye injini, Mama. Ikizimika, umeme umekatika."

"Hewala," akasema, akakaa wima, akakita miguu.

Kona ya kwanza ilituletea mbuzi watatu na mtoto wa kuwachunga aliyekuwa nyuma yao kwa mbali. Mama akasema "Yaa Rabbi", globu ikazimika, injini ikakata, globu ikawaka, bomba likapiga, mbuzi wakaingia korongoni, na juu ya vichwa vyetu fundi akawa anapiga paa la kebini kwa viganja huku akipaza sauti kwamba ameona, ameona. Kona iliyofuata ilikuwa na lori, na mambo yakawa yale yale. Baada ya hapo barabara ikanyooka, hapakuwa na mtu wala mnyama, nami nikapumua. Nilipomtupia Mama jicho, nilikuta hatazami barabara. Alikuwa anaitazama globu, kisha mguu wake wa kushoto, kisha globu. Polepole, bila kusema dua yoyote, akaunyoosha mguu ule mpaka kwenye ukuta wa mbele chini ya dashibodi, akakandamiza.

Globu ikazimika. Akaulegeza, ikawaka. Akakandamiza tena, akalegeza, akakandamiza, akalegeza, na pikapu ikawa inakwenda kwa kuruka na kupiga mishindo mpaka fundi kule nyuma akaacha kugonga paa na kuanza kulishikilia.

"Mkwe wangu, simama," akasema. "Kosa liko chini ya unyayo wangu."

Na kweli lilikuwapo. Fundi alifunua mkeka wa mpira upande wa abiria, na pale sakafu inapopanda kukutana na ukuta wa injini tukaona waya mwekundu ambao kiwandani haukuwapo. Inaelekea kwamba enzi za mmiliki fulani waya halisi wa koili ulikatika ndani ya dashibodi, na fundi wa wakati huo, badala ya kuufuata ulikokatikia, alivuta mwingine kutoka kwenye swichi, akaupitisha chini ya mkeka na kuutokeza upande wa injini kupitia tundu la chini. Waya haukutosha. Alikuwa ameunga vipande viwili kwa kuvisokota kwa vidole na kuvizungushia tepu nyeusi, na kiungo hicho kilikaa hasa mahali ambapo abiria mwenye hofu huutafuta mguu wa breki ambao hakuwekewa. Tepu ilikuwa imechoka, shaba imeota kutu ya kijani, na nyuzi zilikuwa zikigusana kwa hisani tu. Abiria aliyekaa kwa raha hakuufikisha kamwe mguu wake pale. Mafundi wote waliojaribu gari walikaa kwenye usukani. Mke wangu hulala safarini. Utingo hukaa juu ya mzigo. Ni Mama pekee, pamoja na Mwalimu Mkuu wangu siku ile ya Mingoyo, waliokuwa wakifunga breki kwa niaba yangu.

Matengenezo yalifanyika palepale kando ya barabara kwa muda mfupi: waya mpya mzima usio na kiungo, ncha zilizolehemiwa kwa risasi, tundu la juu lenye mpira wa kuzuia kukwaruzwa, na fyuzi ambayo hapo kabla haikuwapo. Gharama yake haikufikia hata bei ya zile plagi. Nilimshukuru fundi, nikamshukuru Mama kwa heshima zote, na mke wangu, nilipompigia simu kumweleza, aliniomba nirudie sentensi inayosema kwamba mama yake ndiye aliyegundua kosa. Niliirudia.

Tatizo lilianza tulipowasha gari na kuendelea kushuka. Kwenye kona ya mwisho bodaboda ilitokea imebeba kitanda. Mama akasema "Yaa Rabbi", akakanyaga kwa nguvu, na injini ikaendelea kunguruma vizuri kabisa. Akakanyaga tena. Nilifunga breki mimi mwenyewe, tukapita salama, lakini uso wa Mama ulikuwa umebadilika.

"Mkwe wangu," akasema, "kijana huyu ameharibu gari. Halisikii tena."

Nilimweleza habari za koili, za volti 12 na za petroli mbichi inayolipukia kwenye bomba la moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama katika miezi yote hiyo ambayo gari lilikuwa bovu tuliwahi kugonga kitu. Nilikiri kwamba hatukuwahi. Akaniuliza kama lori lile la magunia lilitugonga. Nilikiri kwamba halikutugonga. Hakuendelea kuuliza. Safari iliyobaki aliimaliza akiwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na tulipofika Masasi alimwita fundi pembeni, wakazungumza kwa sauti ndogo, wakaandikiana namba za simu.

Sikulitilia maanani hilo mpaka Jumamosi moja fundi alipofika nyumbani bila kuitwa, akiwa na swichi ya duara yenye kitufe kinene, ya aina ile iliyokuwa ikifungwa sakafuni kwenye malori ya zamani ili dereva abadilishe taa kubwa kuwa ndogo kwa kukanyaga. Alisema kwamba ameitoa kwenye lori bovu, ameisafisha, na kwamba itakaa vizuri upande wa abiria, ikiwa na viungo imara na fyuzi yake, kwa namna ambayo ikikanyagwa itakata umeme wa koili na ikiachwa itaurudisha. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma. Alisema Mama. Nilimwambia kwamba gari ni langu, kwamba nimetumia akiba ya msimu mzima kuondoa hitilafu hiyo, na kwamba sitalipa hata senti moja kuirudisha.

Fundi akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua mlango wa kushoto, akaanza kukunja mkeka. Alisema nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa nusu ya fedha amekwisha kupokea kutoka kwa Mama, na nusu iliyobaki mke wangu alimkabidhi asubuhi ile alipokuwa akienda sokoni.